Kariakoo kwa Treni, Kutafuta Bodi

Mdogo wangu mpendwa,

Sisi huku Dodoma wazima, ila vumbi limetuandama mpaka ndani ya printa. Ujumbe wako ulinikuta njiani, nikasema nitakujibu nikifika nyumbani nikatulia, maana swali lako halijibiki kwa mistari miwili. Unauliza kama kompyuta za steshenari yako zitakubali Windows 11, na kama itabidi ubadilishe mazabodi, ununue ipi. Basi jimiminie chai ukae. Nimetoka Dar kwa jambo hilohilo, na ninayokuandikia ni niliyoyaona na kuyashika mwenyewe.

Kwanza ujue kilichonitoa nyumbani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Mashine hazikuzimika, kesho yake wateja walikuja kama kawaida, tukatoa kopi, tukaskani vyeti. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikija kila mwezi. Anayeangalia filamu tu sebuleni huenda asihisi kitu kwa muda mrefu. Sisi kutwa nzima tunachomeka flashi ambazo hatujui zimetoka wapi. Mtoto wa watu anakaa mbele ya kioo chetu kujaza maombi ya mkopo wa chuo, anaandika namba yake ya NIDA, anaandika nywila ya barua pepe, ametuamini. Siwezi kumkalisha kwenye mashine isiyo na kinga halafu nikamtoza hela.

Mashine zangu unazijua. Ya mapokezi ni Dell OptiPlex 3020, mtumba wa Ulaya, ina Core i5-4570. Ya pili ni ile ya kuunganisha, bodi yake ASUS H110M-K na prosesa i5-7400. Ya tatu ndiyo ya grafiki, tunayotengenezea kadi za harusi na mabango: bodi Gigabyte B450M DS3H, prosesa Ryzen 5 2600. Ukisoma stika za nje unaona i5, i5 na Ryzen 5, ukadhani zimelingana. Hazilingani hata kidogo, na kinachozitenganisha zaidi ni bodi.

Sikubeba mashine yoyote kwenda nayo Dar. Nilibeba majibu yake, na wewe fanya hivyohivyo kabla hujaita fundi. Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ndefu. Tafuta mistari inayoanza na BaseBoard: hapo utakuta kampuni iliyotengeneza bodi na jina lake kamili. Karibu na hapo soma toleo la BIOS na tarehe yake. Kisha tafuta BIOS Mode. Pakiandikwa UEFI, umeshavuka mto mmoja. Pakiandikwa Legacy, ipo kazi ya kufanya, nitakueleza mbele. Angalia na mstari wa Secure Boot. Funga hilo dirisha, rudia Windows na R, andika tpm.msc. Hilo litakuambia kama TPM, nitakayokueleza mbele, ipo na ni toleo gani, tunataka 2.0. Kila dirisha lipige picha kwa simu.

Halafu zima, chomoa umeme, fungua ubavu wa mashine upige picha bodi yenyewe. Jina huwa limechapwa kwa herufi kubwa kati ya nafasi za kuchomekea kadi. Kwenye bodi za Gigabyte, kwenye kona, kuna maandishi madogo ya REV na namba. Usiyapuuze. Bodi mbili za jina moja zikitofautiana REV zinaweza kudai mafaili tofauti ya BIOS, na faili lisilo lake ni hatari.

Basi, safari. Nilipanda SGR ya asubuhi. Ukija huku mwaka huu nitakupandisha, maana wewe uliyezoea reli ya zamani ya Kigoma, ile waliyoifikisha Wajerumani ziwani mwaka 1914, utaona tofauti kabla hujamaliza kufunga begi lako. Inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Mibuyu ya Ugogo inapita dirishani, Igandu hiyo, Gulwe hiyo, mara nchi inaanza kuinuka na kupata rangi ya kijani, na kufika maeneo ya Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki. Simu inakata, masikio yanaziba kidogo, kisha mwanga. Ukitoka hapo, ni Milima ya Uluguru inayokungoja kabla ya Morogoro. Nilikuwa na kikapu cha zabibu za shangazi miguuni na karatasi yangu ya mashine mkononi.

Aliyekaa nami ni mama wa makamo, mhasibu wa shule moja ya sekondari, anashukia Morogoro. Tukasalimiana, akaitazama ile karatasi, akaniuliza, “Samahani kaka, wewe ni fundi kompyuta?”

Nikamwambia, “Hapana mama, nina steshenari tu, lakini haya mambo nayafuatilia.”

Akashusha pumzi. “Afadhali. Sisi tumeambiwa maabara nzima ya kompyuta itupwe, tununue mpya. Fedha hatuna. Kwani ni kweli zote hazifai?”

Nikamuuliza ni mashine gani. Hakujua, ila alikuwa na rejista ya mali za shule kwenye simu yake, na mtunza stoo aliyeiandika alikuwa mtu makini: kila mashine ameandika modeli na ile Service Tag ya Dell, yale maandishi ya tarakimu na herufi saba yaliyo kwenye stika ya nyuma. Tukaipitia mstari kwa mstari. Nyingine zilikuwa OptiPlex 3020 kama yangu. Lakini sehemu kubwa ilikuwa OptiPlex 3060, na hizo ni za mwaka 2018, zina prosesa za Intel za kizazi cha nane, TPM 2.0 na UEFI. Zinaingia Windows 11 bila kununua hata skrubu. Yule mama alinishika mkono. Alikuwa ameshaandika makadirio ya kununua maabara nzima.

Akataka kujua TPM ni kitu gani hasa. Nilimweleza hivi: ni sehemu ndogo ndani ya mashine inayotunza funguo za siri mahali ambapo programu ya kawaida haifiki, na inayothibitisha kwamba mashine imewaka kwa njia yake halali. Zamani ilikuwa chipu ya peke yake, nyingine ukainunua ukaichomeka kwenye bodi. Siku hizi kazi hiyo huwa imewekwa ndani ya prosesa au chipuseti. Intel wanaiita PTT, AMD wanaiita fTPM. Na hapa ndipo watu wengi wanapopotezewa hela: bodi nyingi za kuunganisha zina kitu hicho tangu kiwandani ila kimezimwa. Windows inasema TPM haipo, fundi anasema nunua bodi mpya, kumbe ilikuwa ni kuingia BIOS na kuiwasha. Mama huyo aliandika yote kwenye daftari lake, akashuka Morogoro akiwa na orodha ya mashine za kubaki na za kuondoka.

Masharti mengine, kwa kuwa najua utaniuliza, si ya kutisha: ramu GB 4, diski GB 64, kadi ya picha inayojua DirectX 12, na BIOS ya UEFI yenye uwezo wa Secure Boot. Kigumu ni prosesa. Kwa Intel, kizazi cha nane kwenda juu, na chache sana za kizazi cha saba. Kwa AMD, Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu, nazo si zote, kwa hiyo orodha rasmi ya Microsoft ndiyo ya kuangalia.

Dar joto lilitupokea mlangoni mwa stesheni. Kutoka pale hadi Kariakoo si mbali. Nilitembea, nikakata Msimbazi katikati ya mikokoteni na wabeba mizigo wanaopaza sauti wapishwe. Kwa fundi nilielekezwa na rafiki. Anakaa ghorofani, chumba chembamba, ukuta mmoja umejaa bodi zilizovikwa mifuko ile ya kijivu inayozuia umeme tuli, ukuta mwingine pawasaplai zimepangwa mpaka dari. Nikamwamkia, nikaanza, “Nina mashine mbili za i5…”

Akanikatisha kwa upole. “Kaka, i5 hainiambii kitu. Nipe namba inayofuata.”

Ndivyo inavyosomwa, na wewe uishike kabisa. Core i5-4570 ni kizazi cha nne. Core i5-7400, cha saba. Core i5-8400, cha nane. Core i5-10400, cha kumi. Muuzaji akikataa kukupa namba kamili, au akikuambia “i5 ni i5”, shukuru uondoke.

Nilimwonyesha picha ya ASUS yangu ya H110. Hii ndiyo iliyokuwa inaniuma zaidi, kwa sababu karibu kila kitu inacho. UEFI ipo, Secure Boot ipo, na ukiingia BIOS yake ukawasha PTT unapata TPM 2.0 kamili. Inakwama kwenye jambo moja tu, prosesa ni ya kizazi cha saba. Mimi nilikuwa na hesabu yangu nyepesi: soketi ya bodi hii ni LGA1151, prosesa za kizazi cha nane nazo ni LGA1151, basi ninunue i5-8400 ya mtumba, nichomeke, mambo yaishe.

Fundi hakubishana nami. Alifungua droo, akatoa prosesa mbili, akaziweka sambamba juu ya kipande cha sponji, tumbo juu. Moja i5-7400, nyingine i5-8400. Upana mmoja, milimita 37.5 kila upande. Vidoti vya dhahabu 1,151 kila moja. Hata yale mapengo madogo ya pembeni yanayozuia kuchomeka kinyume yako mahali palepale. Nilizigeuzageuza mkononi sikuona tofauti. “Itaingia,” akasema, “na haitawaka.” Intel walipotoa kizazi cha nane walibadilisha kazi za baadhi ya pini, wakaongeza zinazopitisha umeme kwa ajili ya core zilizoongezeka, na wakataka bodi za mfululizo wa 300. Bodi za mfululizo wa 100 na 200, yaani H110, B150, B250, Z270 na wenzao, zimebaki na vizazi vya sita na saba. Kwa prosesa ya kizazi cha nane au tisa unatafuta H310, B360, B365, H370, Z370 au Z390. Prosesa ni mpangaji, mdogo wangu, na mwenye nyumba ni bodi. Mpangaji hahamii kwa kuwa tu ameutosha mlango.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Wateja walikuwa wanaingia na kutoka, na wengi walikuwa na shida moja: wamenunua kwanza, sasa wanauliza. Kijana mmoja alikuja na ramu za DDR3 alizonunua nafuu, bodi yake inataka DDR4. Haziingii hata kwa nguvu, pengo la katikati liko mahali pengine. Kuna bodi za H110 zinazotumia DDR4, na kuna ndugu zake zilizoandikwa D3 mwishoni zinazotumia DDR3. Herufi mbili tu, lakini ramu nzima inakuwa haina kazi.

Alinifundisha pia kukagua bodi ya mtumba. Kwa Intel za aina hii pini ziko kwenye soketi ya bodi. Unaondoa kifuniko cha plastiki, unawasha tochi ya simu, unaielekeza kwa ubavu, si kwa juu. Pini zikiwa salama zinang'aa kwa mistari iliyonyooka, ukiinamisha kichwa mistari yote inahama kwa pamoja. Iliyopinda inang'aa peke yake wakati wenzake wamezimika. Bodi isiyo na kifuniko cha soketi nilimwona akiikataa hapohapo mlangoni, hakutaka hata kusikia bei. Baada ya pini aliangalia kapasita kama kuna iliyovimba, na ile betri ya duara, CR2032. Betri ikiisha, bodi inasahau saa na inasahau mipangilio: uliwasha TPM jana, leo umeme umekatika usiku, asubuhi Windows inakuambia haipo. Badilisha betri kabla hujalaumu kitu kingine. Ni vitu vya bei ya soda.

Dell ya mapokezi alinimalizia kwa sentensi chache. Kizazi cha nne, hakuna prosesa ya kuchomeka pale ikakubalika. Kubadilisha bodi? Dell za namna ile haziko kama kompyuta za kuunganisha. Waya mkubwa wa pawasaplai yake una pini 8, wakati bodi za kawaida zinataka 24. Waya za kitufe cha mbele ni za Dell wenyewe. Ukileta bodi mpya unaleta na pawasaplai mpya, kasha jipya, prosesa na ramu. Kisha ile leseni ya Windows iliyokuja na mashine imefungwa kwenye bodi yake ya kwanza. Bodi ikiondoka, leseni inaondoka nayo. Tulipojumlisha kwenye kikokotoo, vyote hivyo vilizidi bei ya OptiPlex 3060 nzima iliyokamilika. Kwa hiyo ukiwa na Dell au HP ya ofisi ya zamani, usihangaike na bodi. Tafuta mashine nyingine ya aina hiyohiyo iliyo ya kizazi cha nane: OptiPlex 3060, 5060 au 7060 kwa Dell, ProDesk 600 G4 au EliteDesk 800 G4 kwa HP.

Jioni nilishukia kwa shangazi, Ilala. Zabibu zilipokelewa kwa vigelegele, wajukuu wakazimaliza kabla ya Isha. Shangazi anakusalimia sana, anasema umemtupa. Mpigie.

Kesho yake nilikwenda kutafuta hiyo 3060, na hapa nataka uwe macho. Duka la kwanza niliingia, muuzaji akaniwashia mashine safi, imepigwa Windows 11, kioo kinapendeza, bei chini ya wengine. Nikaomba kibodi. Nikaandika msinfo32: prosesa ya kizazi cha sita. Nikaandika tpm.msc: haikupatikana. Maana yake imepigwa kwa kuruka ukaguzi. Njia zipo, na vijana wanazijua: flashi inatengenezwa ili usakinishaji usiulize TPM wala prosesa. Na mashine inawaka kweli, inafanya kazi. Lakini Microsoft wamesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kupata masasisho. Na tumeona mfano: toleo la 24H2 lilipokuja lilitaka prosesa ijue amri ziitwazo SSE4.2 na POPCNT, na zile Core 2 Duo zilizokuwa zimerukishwa hazikuwaka nalo. Sisemi kila anayefanya hivyo ni mwizi. Nasema mteja aambiwe. Kumuuzia mwenye steshenari mashine hiyo kama Windows 11 kamili, bila neno, ni kumdhulumu, kwa kuwa ameitafuta kwa ajili ya usalama na usalama ndio alionyimwa.

Duka la pili lilikuwa na 3060 yenye i5-8500. Kabla ya kulipa nilifanya kitu ambacho fundi alinisisitizia mara mbili: niliomba waizime, waiwashe tena, nikabonyeza F2 kuingia BIOS. Kwa HP ni F10. Mashine zilizotoka maofisi ya Ulaya wakati mwingine zimefungwa nywila ya BIOS na mtu wa TEHAMA wa kampuni ya huko, na nywila hiyo imebaki naye. Windows inawaka vizuri, ila siku unataka kuwasha TPM au Secure Boot huna mlango. Hii ilifunguka. Niliona TPM imewashwa, Secure Boot ipo, nikaomba risiti ya EFD, nikalipa kwa lipa namba. Waliifunga kwa povu na gundi kama mtoto mchanga, nikapanda nayo treni.

Kabla sijaondoka Kariakoo nilirudi kwa fundi kuaga, akaniuliza swali moja kuhusu mashine ya grafiki ambalo lingenitesa Dodoma: “Kadi ya picha ni gani?” Ryzen 5 2600 haina picha ndani yake, lazima iwe na kadi, na yangu ilikuwa GeForce 210 ya zamani. Kwanza haijui DirectX 12. Pili, kadi nyingi za umri ule hazizungumzi na UEFI. Ukizima ile njia ya zamani inayoitwa CSM kwenye BIOS ili uwashe Secure Boot, kioo kinabaki cheusi na huoni hata pa kurudia. Nilichukua GT 1030 ya mtumba.

Sasa kazi yenyewe ya Dodoma, nikueleze kwa mpangilio kwa sababu ukipindua hatua mashine haitawaka. Nilinakili kwanza kazi zote za wateja kwenye diski ya nje. BIOS Mode yangu ilikuwa Legacy, maana yake diski imegawanywa kwa mtindo wa MBR, na UEFI inataka GPT. Windows 10 ina chombo chake cha kubadilisha bila kufuta kitu, kinaitwa mbr2gpt. Unafungua dirisha la amri kama msimamizi, unaandika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Kikikubali, unarudia ukiweka /convert badala ya /validate. Baada ya hapo tu ndipo unaingia BIOS na kuzima CSM. Ukianza na CSM, Windows haioni pa kuwakia.

Nilipokuwa ndani ya BIOS niliwasha fTPM. Kwenye Gigabyte hii imeandikwa AMD CPU fTPM. Kisha Secure Boot. Nilisasisha BIOS pia, kwa sababu mwaka 2022 AMD walikiri kwamba fTPM kwenye baadhi ya mashine za Ryzen ilifanya kompyuta ikwamekwame kwa muda mfupi, na dawa yake ilikuja kupitia BIOS mpya. Hapo ndipo nakuomba sana usifanye haraka. Umeme ukikatika BIOS ikiwa katikati ya kuandikwa, bodi inaweza kufa moja kwa moja. Niliazima UPS kwa jirani ingawa umeme ulikuwepo, nikafanya usiku dukani pamefungwa, nikahakikisha REV ya faili na REV ya bodi ni moja. Na kama mashine yako ina BitLocker, chapa ufunguo wake wa kurejeshea kwenye karatasi kabla ya kugusa TPM au BIOS, maana baada ya mabadiliko Windows inaweza kuudai, na bila huo diski haifunguki.

Nikawasha ile programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check. Kila mstari kijani. Mke wangu alikuwepo, nilimwita aje aone.

Kwa hiyo hapa kwangu imekuwa hivi. Ya grafiki ina Windows 11. Mapokezi sasa ni ile 3060. Dell ya zamani nimeipiga Linux Mint, LibreOffice imo, wanafunzi wanachapa kazi zao bila shida. Ila jaribu printa yako kabla ya kuhamia huko, maana HP LaserJet nyingine ndogo zinahitaji programu-jalizi ya ziada ndipo zitoe karatasi. H110 nimeiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa viraka vya Windows 10, ESU, ule wa watu binafsi, unaofika 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipia dola 30 au kuingia bila malipo kwa kusawazisha mipangilio na akaunti ya Microsoft. Nimeitoa kwenye kazi za wateja. Anaitumia shemeji yako na watoto.

Jambo jingine usilisahau ukishapata Windows 11: ruhusu masasisho yapite. Vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026, na vipya vya mwaka 2023 vinaletwa kwa masasisho hayo, kwa mashine nyingine pamoja na BIOS mpya. Najua bando linauma. Panga siku moja ya mwezi uiache mashine usiku.

Sasa zamu yako. Kwa kila kompyuta nitumie kwa WhatsApp picha ya msinfo32, ya tpm.msc, ya bodi ikiwa wazi na ya stika ya nyuma. Kama kuna kadi ya picha, ipige nayo pande zote mbili. Usimlipe mtu kabla sijakujibu, hata akikuambia bei inapanda kesho. Ikionekana bodi yako inataka kuwashiwa TPM tu, nitakupigia tuifanye pamoja ukiwa mbele ya mashine. Ikitakiwa mashine nyingine, yule fundi amekubali kuichagua na kuikagua, na basi la Kigoma litaileta. Utaipokea stendi ukiwa na namba kamili ya prosesa mkononi, uifungue na kuilinganisha kabla kondakta hajaondoka.

Msalimie sana mama, mwambie dawa yake ya macho nimeipata na inakuja na mzigo wa kwanza.

Wako,
Kaka yako wa Dodoma